Ukingo wa nyasi: usiuinue, uzamishe

Swali la mwezi huu limetoka kwa mama mmoja anayeishi Leicester. Nyuma ya nyumba wanayopanga kuna kipande cha nyasi, na pembeni yake kuna tuta alilolilima mwenyewe: sukuma wiki, vitunguu, na mchicha kila ifikapo mwisho wa Mei, baridi inapokwisha. Kila mwaka nyasi zinaingia tutani. Mwaka juzi zilikula shubiri moja, mwaka jana zikala nyingine, na sasa mchicha umebaki safu mbili. Mumewe anataka kumwaga zege pembeni, liinuke inchi nne, liwe kama ukuta. Yeye ameona dukani mikanda ya plastiki ya bei nafuu. Juu ya hayo, mama mkwe anakuja Juni kutoka Tanga kukaa nao miezi mitatu. Miguu yake si ya zamani, na kila asubuhi atataka kutoka kuchuma mboga kwa mkono wake. Wafanye nini?

Jibu fupi ni hili: wasijenge ukuta. Nyasi hazizuiwi na kilicho juu ya ardhi. Zinazuiwa na kilicho chini, pamoja na mkono wa mtu anayekata kingo kila baada ya wiki chache. Kile kinachochomoza juu kazi yake kubwa ni kukwaza watu. Jibu refu ni kama ifuatavyo.

Ukingo una kazi gani

Wengi wetu tumekua tukiona mawe yaliyopakwa chokaa yamepangwa kando ya njia za shule, zahanati na ofisi za serikali. Yanapendeza, na kule yanafaa, kwa sababu yanaonyesha njia na bustani inafyekwa kwa mkono. Ukiyapanga Uingereza kando ya nyasi utapata tabu. Gurudumu la mashine ya kukata nyasi haliwezi kupita juu yake, kwa hiyo nyasi zilizo karibu na jiwe hubaki ndefu, na zile zilizo katikati ya jiwe na jiwe hupita moja kwa moja hadi tutani.

Ukingo mzuri wa nyasi unafanya mambo matatu. Kwanza, unakata njia ya mizizi inayotambaa. Pili, unazuia udongo wa tuta usimwagikie nyasi mvua inaponyesha. Tatu, unaacha mashine ipite juu yake ili usilazimike kurudi kukata pembeni kwa mkasi. Ukingo ulioinuka unatimiza la pili tu. Uliozama, ukiwa na upana wa kutosha, unaweza yote matatu.

Jambo la kujua kabla ya kununua chochote ni aina ya nyasi ulizonazo. Nyasi za kawaida zinazopandwa kwenye bustani za Uingereza nyingi hukua kwa mafungu, hazisafiri mbali. Zinasogea taratibu tu, kila mwaka kidogo. Lakini kuna ile ambayo Waingereza huiita couch grass: chini ya udongo ina mizizi myeupe kama tambi, yenye ncha kali, na kipande kidogo kikibaki kinachipua upya. Chimba mahali nyasi zilipoingia tutani. Ukikuta tambi hizo nyeupe, usiweke ukingo kwanza. Zing'oe zote kwa uma wa bustani, taratibu, bila kuzikatakata. Ukiweka ukingo wakati zimeshaingia, umezifungia ndani pamoja na mchicha wako. Sehemu kubwa ya mizizi hiyo hukaa karibu na juu, kwa hiyo kizuizi cha sentimita 15 kwenda chini kitapunguza sana safari zake.

Nyumba ni ya nani?

Hili ndilo swali la pili, na kwa wapangaji ni la fedha. Zege likishamwagwa halitoki bila sururu. Mwenye nyumba akilikuta siku mnayohama, anaweza kudai gharama za kulivunja kutoka kwenye ile dipoziti mliyoweka. Huko England, kwa kodi iliyo chini ya pauni 50,000 kwa mwaka, dipoziti haizidi kodi ya wiki 5, na mwenye nyumba anatakiwa kuiweka kwenye mpango unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Mipango hiyo ina utaratibu wa bure wa kusuluhisha mabishano, lakini msuluhishi anaangalia karatasi. Hamtasaidiwa na kusema kwamba mwenye nyumba alikubali kwa mdomo siku ile alipokuja kuangalia boila.

Kwa hiyo soma mkataba wako, kisha mwandikie mwenye nyumba au wakala wake barua pepe fupi: unataka kuweka nini, wapi, na kwamba utaviondoa ukihama akitaka. Subiri jibu la maandishi. Piga picha kabla ya kuanza. Ikiwa hukulima tuta hilo kwa ruhusa, hapa pia ndipo mahali pa kulitaja, kabla halijatajwa na mwingine.

Mwenye nyumba yake ana uhuru zaidi, ila naye ana sharti moja. Karibu na ukuta wa nyumba usipandishe udongo wala matofali. Nyumba nyingi za Uingereza zina tabaka ndani ya ukuta la kuzuia unyevu usipande, na ardhi ya nje inapaswa kubaki chini ya tabaka hilo kwa sentimita 15 au zaidi. Tuta lililoinuliwa kwa ukingo mrefu na kuegemezwa ukutani ni mwanzo wa ukungu sebuleni.

Anza na beleshi

Ukingo wa bei nafuu kuliko wote haununuliwi. Ni mfereji mdogo unaokatwa kati ya nyasi na tuta. Tandika ubao mnyoofu juu ya nyasi, simama juu yake, na ukate ukifuata ubao kwa beleshi lenye makali au lile la nusu mwezi linalouzwa kwa kazi hii. Upande wa nyasi uwe wima, kina cha sentimita 7 au 8. Upande wa tuta uteremke kwa mlalo. Mizizi inayotambaa ikifika kwenye hewa unaiona, unaikata.

Kwa mstari wa kupinda, laza mpira wa maji juu ya nyasi, usogeze mpaka upinde uupende, kisha kata ukiufuata. Fanya mapindo mapana. Pitisha mashine kwanza ikiwa imezimwa. Mahali inaposhindwa kugeuka, pindo hilo ni kali mno na kila Jumamosi utalijutia.

Mfereji huu unahitaji kukatwa upya mara moja au mbili kwa mwaka, na kupunguzwa kwa mkasi mrefu baada ya kukata nyasi. Una ubaya mmoja, ambao vitabu vya bustani havisemi sana kwa sababu vinaandikiwa watu wanaojua pa kukanyaga. Mzee au mtoto anayevuka kutoka nyasi kwenda tutani anaingiza mguu humo. Kwa hiyo mfereji ukae mahali ambapo watu hawavuki.

Vya dukani, kimoja kimoja

Plastiki ya mkanda ni nyepesi, inapinda vizuri, na mtu mmoja anaiweka kwa asubuhi moja. Ile nyembamba isiyo na vigingi virefu haidumu mahali pake. Udongo wa mfinyanzi, ambao Uingereza ni mwingi, huvimba ukilowa na kupasuka kiangazi, na jalidi nalo huusukuma mkanda juu kidogo kidogo. Baada ya misimu michache unaona umechomoza kama utepe uliolegea. Ukiichagua, nunua iliyo nene, yenye kina cha sentimita 10 au zaidi, na upigilie vigingi vyote vilivyoelekezwa. Kabla ya kuikunjua, iache juani saa moja ilainike.

Mbao zinafaa mistari iliyonyooka. Tafuta mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, upana wa sentimita 15, na vigingi vya mbao vya sentimita 40 hadi 45 kila baada ya mita moja. Vigingi vikae upande wa tuta na vichwa vyake viwe chini kidogo ya ubao ili visionekane wala visikwaruze miguu. Kila ncha uliyoikata kwa msumeno ipake dawa, maana dawa ya kiwandani haifiki kiini cha ubao. Mbao ndiyo ya kwanza kuoza, lakini pia ndiyo rahisi kubadilisha.

Hapa nitoe onyo. Mataruma ya zamani ya reli hupatikana kwa bei ndogo, wakati mwingine bure, na yanaonekana imara. Mengi yamelowekwa kreosoti. Uingereza ilipiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida dawa hiyo mwaka 2003 kwa sababu ya hatari ya saratani. Wakati wa joto hutoa weusi unaonata, unaoingia kwenye ngozi. Hayafai mahali watoto wanakaa, wala kando ya mboga. Nchini Marekani, angalia pia mbao za kale zenye rangi ya kijani: kabla ya 2004 mbao nyingi za bustani zilitiwa dawa yenye aseniki. Usizitumie kando ya chakula, na usizichome moto.

Chuma cha ukanda ndicho kinachofanya mstari mwembamba na safi kuliko vyote, na kinapinda bila kuvunjika. Bei yake iko juu. Nunua chenye ukingo wa juu uliokunjwa. Kile kilichoachwa kama kilivyokatwa ni kisu kwa mtoto anayecheza mpira pekupeku. Kile kinachoachwa kipate kutu kwa makusudi hudumu, ila maji yake hutia madoa mekundu kwenye sakafu ya zege iliyo jirani.

Matofali ndiyo ninayoyapenda kwa familia, kwa sababu yana upana. Mashine inatembeza gurudumu juu yake, mtu anakanyaga bila kuteleza matopeni, na ukihama unaweza kuyabeba. Hakikisha tu ni ya kuhimili baridi. Tofali la kawaida la ukutani likiwa chini kwenye unyevu hunyonya maji, maji yakiganda yanalipasua, na baada ya misimu michache linabanduka tabaka tabaka. Ulizia matofali yenye alama ya F2, au yale ya kutandika njia.

Ushauri wangu kwa Leicester

Tuta lao lina urefu wa mita 12. Ningefanya hivi: mita 4, pale ambapo mama atavuka kwenda kuchuma, wazamishe matofali bila saruji. Mita 8 zilizobaki wakate mfereji wa beleshi. Hapo wanapata njia salama, gharama inakuwa ndogo, na hakuna kitu cha kumpa mwenye nyumba sababu ya kugusa dipoziti. Mume wake asione vibaya. Hoja yake kwamba nyasi zinahitaji kizuizi kigumu ni ya kweli. Tofauti yetu ni kizuizi kikae juu au chini.

Hesabu ni nyepesi. Tofali la kawaida la Uingereza lina urefu wa milimita 215, upana 102.5 na unene 65. Ukiyalaza yakibanana, urefu ukikingama na mstari wa ukingo, kila mita inakula matofali 10. Mita 4 ni matofali 40, ongeza mawili matatu ya kufidia yatakayovunjika. Kwa nyumba ya kwenu wenyewe, mkitaka kujengea kwa saruji na kuacha nafasi ya milimita 10 kati ya tofali na tofali, hesabu 9 kwa mita.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Kagua kilicho chini. Kama kuna umeme unaokwenda kwenye banda au taa ya bustani, fuatilia waya unapopita. Chimba taratibu, usipige beleshi kwa nguvu.

2. Funga kamba kwenye vigingi viwili, uivute ikaze. Kamba ndiyo fundi mkuu. Jicho hudanganya.

3. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 23 hadi 25 na kina cha sentimita 15. Majani na udongo wa juu viweke pembeni kwenye turubai. Vipande vya nyasi vitaziba mapengo mwishoni.

4. Mwaga kokoto ndogo zilizochanganyika na vumbi lake, zishindilie mpaka zibaki sentimita 5. Usiruke hatua hii. Matofali yanayozama na kuinuka baadaye karibu kila mara yaliwekwa juu ya udongo usioshindiliwa.

5. Weka mchanga mkavu wenye chenga, sentimita 3, usawazishe kwa kipande cha ubao.

6. Laza matofali moja moja, gonga kwa nyundo ya mpira, pima kwa pima maji kila baada ya matatu. Uso wa tofali uwe sawa na udongo wa nyasi, au chini yake kwa sentimita moja isiyozidi. Kumbuka unapima kwa udongo, si kwa ncha za majani. Tofali likiwa juu, kisu cha mashine kitagonga.

7. Fagia mchanga mkavu uingie kwenye nafasi, gonga tena, fagia tena. Upande wa tuta, acha udongo uwe chini ya tofali kwa sentimita 2 au 3 ili mvua isiumwage.

Wanaotumia saruji wavae glavu na kuosha haraka panapogusa ngozi. Saruji mbichi inaunguza, na mara nyingi husikii maumivu mpaka ngozi imeshaharibika. Watoto wasipite juu yake pekupeku. Na usijenge siku ambazo usiku unatarajiwa kuganda.

Walioko Ghuba na Marekani

Muscat, Dubai au Doha mambo yanabadilika, kwa sababu nyasi za huko mara nyingi ni ukoka, ule ule tunaoujua nyumbani. Ukoka unasafiri njia mbili kwa pamoja: mikono yake inatambaa juu ya ardhi na mizizi mingine inapita chini. Kizuizi cha sentimita 15 kinasaidia, lakini mikono ya juu itakivuka bila kukusalimia. Hapo upana ni muhimu kuliko kina: ukanda wa matofali au zege bapa, na mtu wa kuikata mikono hiyo inapojitokeza. Epuka chuma mahali watoto wanatembea peku, kwani jua la Julai linakifanya kikaango. Plastiki nyembamba jua hilo hilo linaikausha na kuivunja. Kabla ya kuchimba, tafuta mabomba ya kumwagilia. Yamelazwa karibu na juu, na ukilitoboa moja utalijua bili ikifika.

Marekani, kabla ya kuchimba chochote piga 811 siku chache kabla. Ni bure, na watakuja kuweka alama palipo na gesi, umeme na maji vya kampuni za huduma. Nyaya zako binafsi zinazotoka nyumbani kwenda bandani hawaziwekei alama, hizo utazitafuta mwenyewe. Texas na Florida wengi wana St. Augustine, nyasi pana inayotambaa juu tu, kwa hiyo kuchimba kina kirefu ni jasho la bure. Minnesota shida ni baridi. Ardhi inaganda kwa kina kirefu na kuinuka, na ukingo uliojengewa kwa saruji unapasuka. Huko chagua kinachoweza kucheza bila kuvunjika: matofali makavu kwenye mchanga, au ukanda wa chuma.

Ukishauweka

Hakuna ukingo unaojilinda wenyewe. Kila baada ya wiki mbili za kukata nyasi, pita na mkasi dakika kumi. Majira ya kuchipua, kagua tofali lililozama, linyanyue, ongeza mchanga, lirudishe. Majira ya baridi, fagia majani na ukijani unaoota juu ya matofali, maana hapo ndipo mtu mzima huteleza na kuvunjika nyonga. Mkiwa na mzee nyumbani, kazi hiyo ya ufagio itangulie zote.

Machi hadi Mei ndiyo miezi mizuri ya kazi hii Uingereza. Udongo una unyevu, beleshi linaingia, na nyasi zilizoumia zina msimu mzima wa kupona. Anayemngojea mgeni wa Juni amalize kabla ya katikati ya Mei, matofali yakae na kutulia, na mbegu za mchicha ziingie ardhini wakati wake.

Mwezi ujao: mchicha, mnavu na majani ya kunde kwenye kiangazi kifupi cha Ulaya, nini kinaota na nini kinakupotezea mbegu. Maswali yenu yaendelee kuja.